Nani Amemwulizia Mtoto Asiyefika Darasani?

Kila mwaka ifikapo mwezi Januari nchi yetu huingia katika hesabu. Viongozi wa mikoa na wilaya hutangaza idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza, hutaja asilimia ya lengo walilofikia, na mara nyingine asilimia hiyo hupita 100, jambo ambalo mwalimu wangu wa hesabu angetaka aelezwe vizuri. Magazeti huchapa picha za watoto waliovaa sare zinazowapwaya, mabegi mgongoni makubwa kuliko wao. Hizo ni habari njema, nami sina ugomvi nazo. Ninachotaka kuzungumza nanyi juma hili ni hesabu nyingine, ambayo haipigiwi tarumbeta: hesabu ya watoto ambao Januari walikuwepo na Septemba hawapo.

Hesabu hiyo haijafichwa mbali. Imo ndani ya kila darasa, katika lile daftari la mahudhurio ambalo mwalimu hulifungua asubuhi akaita majina. Mkipata nafasi, ninyi mlio wajumbe wa kamati za shule, ombeni mlione. Chukueni jina moja la mtoto aliyeacha shule, halafu fuateni mstari wake kuanzia ukurasa wa kwanza. Mtaona kwamba mwezi wa kwanza hakukosa. Mwezi wa pili amekosa Ijumaa moja. Mwezi wa tatu amekosa Ijumaa na Jumatatu. Baada ya likizo ya Pasaka amechelewa kurudi siku nne. Kisha amekosa juma zima, akaja siku mbili, akakosa tena, na baada ya hapo mstari wake ni mweupe mpaka mwisho wa daftari. Ni kama kumtazama mtu anayeondoka katika barabara ndefu iliyonyooka. Hakutoweka. Alikuwa anaonekana muda wote huo, na kila siku mwalimu alipoita jina lake palikuwa na watoto arobaini, sitini, pengine mia moja, waliosikia kwamba hakuitikia.

Hilo ndilo neno langu la leo. Mtoto haachi shule siku moja. Huiacha kidogo kidogo, kwa majuma na miezi, na katika muda wote huo angeweza kurudishwa kwa gharama ndogo sana, laiti mtu mmoja angekwenda kumwulizia.

Tumezoea kumwita mtoto huyo mtoro. Ni neno la zamani. Wazee wa pwani walilitumia kwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na palikuwa na vijiji vizima vya watoro waliojificha porini. Sasa tumelipeleka shuleni, tunamwandikia mtoto wa miaka kumi na moja: mtoro, mtoro sugu. Neno hilo linamtazama anayekimbia tu. Anachokikimbia, au kinachomvuta, halikiulizi.

Tuseme kweli, serikali zetu zimefanya kazi kubwa ya kuwaingiza watoto shuleni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba ifikapo 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe ameandikishwa, na mwaka 1978 Sheria ya Elimu ikamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto anapofikia miaka saba na kuhakikisha anahudhuria mpaka anamaliza. Ikaja miaka ya uchumi mgumu, tukarudishiwa ada. Mlio wazazi wakati huo mnaikumbuka ile ada ya UPE iliyofikia shilingi 2,000 kwa mwaka, pamoja na orodha ndefu ya michango iliyofuata nyuma yake kama mabehewa. Ada hiyo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, mpango wa MMEM ulipokuwa unaanza, na watoto wakafurika madarasani kiasi cha kukaa sakafuni na kusoma kwa zamu. Mwaka 2016 ikafutwa ada ya sekondari mpaka Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ya Kidato cha Tano na cha Sita. Sera ya elimu, toleo la mwaka 2023, imekwenda mbele zaidi ikasema elimu ya lazima sasa iwe miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari.

Mlango wa mbele, basi, umepanuliwa mara tatu, mara nne. Mlango wa nyuma hauna hata bawabu. Na kama tunataka mtoto akae shuleni miaka kumi badala ya saba, huo mlango wa nyuma ndio utakaoamua kama sera hiyo ni jambo la kweli au ni maandishi.

Tuangalie basi ni nini hasa kinachomtoa mtoto. Tukiulizana hapa mjini, jibu la kwanza litakuwa umaskini. Ni jibu la kweli, lakini ni jibu kubwa mno, na kubwa lake linatusaidia kutofanya chochote, maana nani kati yetu ataumaliza umaskini kabla ya Jumatatu? Umaskini hauji shuleni kumshika mtoto mkono na kumtoa. Hupitia katika vitu vidogo vyenye majina. Kiatu kimekatika. Sare ni moja, imefuliwa usiku, mvua imenyesha, haikukauka. Mama ana homa na mdogo hana wa kumwangalia. Ni siku ya gulio na kuna mzigo wa kubeba. Kila kimoja cha hivi ni cha siku moja tu. Hatari iko katika kile kinachomkuta mtoto anaporudi siku ya pili.

Chukueni usafiri wa hapa Dar es Salaam. Nauli ya mwanafunzi katika daladala ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na serikali ilipanga hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini kondakta ana hesabu ya tajiri wake ya kupeleka jioni, na kila kiti alichokalia mwanafunzi ni kiti kilichopungukiwa fedha. Matokeo mnayaona kila asubuhi vituoni. Gari linasimama mbele kidogo ya kundi la watoto ili wakimbie. Wanapofika mlangoni mkono wa konda umetanda kama lango: wawili tu, wawili tu! Mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anafika shuleni saa mbili. Nimewahi kusimama kituoni Mbagala nikahesabu magari saba yaliyopita bila kumchukua binti mmoja mwenye sketi ya bluu, nikapanda la nane nikamwacha palepale, kwa sababu na mimi nilikuwa nakwenda kazini. Watu wazima tulikuwa wengi kituoni, na hapana hata mmoja aliyesema: mpande huyu kwanza.

Akifika amechelewa, anamkuta mwalimu wa zamu getini na fimbo. Kesho yake akiona magari yamempita mpaka saa moja na nusu, hesabu anayopiga kichwani ni rahisi. Kwenda ni fimbo, kurudi nyumbani ni maswali, na kati ya hayo mawili kuna soko, kuna ufukwe, kuna banda la video. Na kwa msichana kuna jambo baya zaidi: kuna mtu mwenye pikipiki au gari ambaye amemwona pale kituoni siku tatu mfululizo, naye amekuja kumwambia, panda nikusogeze.

Nimeitaja fimbo, na najua wapo watakaoniambia samaki mkunje angali mbichi. Sawa. Lakini samaki aliyekwisha kuruka akatoka kapuni utamkunjia wapi? Kanuni za mwaka 2002 ziliweka mipaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, mtoto wa kike apigwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama hayupo, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Mwajua wenyewe jinsi kanuni hiyo inavyofuatwa. Mimi leo sibishani juu ya fimbo kwa jumla, maana ubishi huo una siku yake. Nasema juu ya fimbo moja tu: ile anayopigwa mtoto kwa kosa la kurudi. Amekosa siku tatu, siku ya nne amejikaza amekuja, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni kuitwa mbele ya wenzake mstarini. Tunadhani tumemfundisha asikose tena. Alichojifunza ni kwamba siku tatu zinalipwa kwa fimbo, lakini siku zote zilizobaki hazilipwi kwa kitu.

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha shule za msingi mikoa ya kusini kwa zaidi ya miaka thelathini, alinieleza alivyokuwa akifanya. Mtoto aliyerudi baada ya kukosa alikuwa hamwulizi lolote asubuhi. Alimpa chaki agawe, au alimtuma daftari ofisini, almuradi awe na kazi darasani. Saa ya mapumziko ndipo alipomwita pembeni. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwamba mtoto mwenye aibu hasemi kweli, naye alikuwa anaitaka kweli.

Sasa tuje kwa wasichana, na hapa nitakaa kidogo.

Msichana anapovunja ungo anaanza kukosa siku mbili tatu kila mwezi. Hili tulikuwa hatulisemi redioni, lakini sasa ni lazima lisemwe. Shule nyingi zina vyoo visivyo na maji, vingine visivyo na milango, na taulo za kike zina bei. Bunge lilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo mwaka 2018, lakini mwaka 2019 kodi ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Yaani mfanyabiashara hakupunguza bei, na aliyeadhibiwa ni mtoto wa shule. Siku mbili tatu za kila mwezi, zikijumlishwa kwa mwaka, ni karibu mwezi mzima wa masomo. Hesabu za Kidato cha Pili hazimsubiri mtu mwezi mzima.

Halafu kuna umbali. Tangu mwaka 2006 nchi ilijenga shule za sekondari za kata kwa kasi ambayo sijui kama kuna nchi nyingine jirani iliyoifikia, na kata nyingi zikapata shule. Lakini kata nyingine ni pana. Shule ikiwa kilomita kumi na mbili kutoka nyumbani na bweni hakuna, mzazi humpangia bintiye chumba karibu na shule. Mtoto wa miaka kumi na minne anaishi peke yake, au na mwenzake wa umri huohuo, anajipikia, na juma la tatu unga umekwisha. Tunamwachia mlango wa bati na kufuli, kisha tunashangaa.

Akipata mimba ndipo tunapoamka. Kwa miaka mingi adhabu ilikuwa kumfukuza, na ilihesabiwa kuwa ni malezi. Tarehe 22 Juni 2017 Rais John Magufuli, katika mkutano wa hadhara mkoani Pwani, alitamka kwamba chini ya utawala wake hakuna mwenye mimba atakayerudi shuleni. Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na sera ya namna hiyo tangu mwaka 1994, na Zanzibar pia ilitutangulia. Kwa hiyo amri ya kumfungia mlango haipo tena, na mimi nilifurahi sana siku hiyo.

Lakini kumruhusu mtu kurudi si kumrudisha. Huyo binti anatakiwa arudi akiwa mama, akae na watoto waliokuwa nyuma yake madarasa mawili, wanaojua habari zake zote. Mtoto wake atabaki na nani? Kama bibi yupo na ana nguvu, heri. Kama hayupo, ruhusa ya Wizara itabaki ubaoni. Waraka unasema arudi. Hausemi nani atamshika mtoto saa nne asubuhi anapolia njaa. Nimesikia shule ambako mama lishe wa jirani na geti hukaa na mtoto, na binti hutoka saa ya mapumziko kumnyonyesha. Hakuna kamati wala mradi uliopanga jambo hilo. Wanawake wawili walikubaliana tu.

Na yule mwanamume? Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Ni adhabu kali kweli. Ukali huo ndio unaowafanya wazee wa pande mbili wakutane usiku wa kwanza, wamalizane kifamilia kwa mbuzi na fedha kidogo, na siku ya kesi shahidi haonekani. Mtoto aliyekuwa aende kortini amekwisha kupelekwa kwa shangazi mkoa mwingine. Ndiyo maana nasisitiza siku za mwanzo. Tukingoja mpaka jambo liwe la polisi, tumechelewa miezi mingi.

Kuna wanaotolewa na shule yenyewe, na hawa tunawasahau. Mtoto amesoma Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Anaingia Kidato cha Kwanza anakuta baiolojia, jiografia na hesabu zote zimegeuka Kiingereza kati ya Desemba na Januari. Anakaa kimya. Kimya hicho kinasomwa kuwa ni upumbavu. Anafeli mtihani wa Kidato cha Pili, anakariri, akifeli tena safari imekwisha. Na zipo shule, hasa zile zinazotafuta sifa katika matokeo ya taifa, zinazojiwekea wastani wao wenyewe na kumwambia mzazi mapema amtafutie mwanawe shule nyingine, ili jina lake lisishushe asilimia. Nembo ya shule inang'aa gazetini, nasi wanunuzi wa magazeti tunaisifu. Hatuulizi waliingia wangapi Kidato cha Kwanza na ni wangapi waliofanya ule mtihani wa mwisho.

Michango nayo haikwenda mbali. Januari 2018 Rais alipiga marufuku kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Hivi sasa tunaambiwa michango ni ya hiari: ya uji, ya mlinzi, ya mitihani ya majaribio. Binafsi naamini wazazi tunapaswa kuchangia chakula, kwa sababu mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili bila chai hawezi kusikia somo la saa saba mchana, na shule yenye uji ina mahudhurio ambayo shule isiyo na uji haitayapata kwa fimbo wala kwa waraka. Lakini hiari ambayo jina la asiyelipa linasomwa mstarini si hiari tena. Mtoto hatakwenda nyumbani kumwaibisha baba. Atakaa njiani.

Mpaka hapa, ndugu msikilizaji wa mjini, pengine unatikisa kichwa ukisema, maskini watoto wa huko. Basi nikuombe utazame jikoni kwako.

Yule binti anayekuoshea vyombo ametoka wapi? Alikuja lini? Uliyemwagiza akutafutie msichana wa kazi, mtulivu, asiye na mambo mengi, alimtoa darasa la ngapi? Miji yetu imejengwa juu ya mabega ya watoto hao wanaoshushwa stendi na kifurushi cha nguo, wakipokewa na mtu wasiyemjua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema umri wa chini wa kumwajiri mtoto ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi isiyoathiri mahudhurio yake shuleni, na inakataza kazi ya usiku kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Nyumbani kwako vyombo vya chakula cha usiku vinaoshwa saa ngapi? Na nani huamka saa kumi na nusu kumwandaa mwanao aende shule?

Unaweza kuniambia kwamba wazazi wake ndio walioniomba, na kwamba kwangu anakula vizuri kuliko kwao. Sibishi, huenda ni kweli. Lakini kule alikotoka kuna daftari lenye mstari mweupe wenye jina lake, na mwalimu wake hajui yuko wapi. Wewe unajua.

Tufanye nini? Sitaki kutaja mambo makubwa yanayongoja bajeti. Nataja jambo moja ambalo shule yoyote, tajiri au maskini, inaweza kulianza juma hili: mtoto akikosa siku tatu mfululizo bila taarifa, siku ya tatu jioni mtu afike kwao. Afike kwa miguu yake, kwa sababu barua anayotumwa mtoto jirani hupotea njiani. Wala aendaye si lazima awe mwalimu. Mwalimu mwenye darasa la watoto tisini hawezi kuzunguka mtaa mzima, na haifai kumbebesha hilo pia. Awe mjumbe wa kamati ya shule, mwenyekiti wa mtaa, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, shehe, katekista, yeyote ambaye akibisha hodi atapewa kigoda. Mwalimu kazi yake iwe kuandika majina matatu au manne kwenye karatasi kila Ijumaa.

Na huyo anayekwenda asiende kama askari. Akianza kwa kutaja faini na mahakama, ataambiwa mtoto anaumwa, na mtoto atafichwa chumbani. Aulize habari za nyumbani kwanza, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Ataikuta sababu imekaa pale pale uani. Safari moja itakuwa kiatu. Safari nyingine itakuwa bibi mgonjwa, na kinachohitajika ni jirani wa kumpa bibi uji saa nne. Safari nyingine atakuta mahari imekwisha kupokewa, na hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa, ofisa ustawi wa jamii na polisi wa dawati la jinsia na watoto watakapoitwa, mapema, kabla ya ndoa. Sababu ni nyingi na hazifanani, ndiyo maana agizo moja la nchi nzima haliwezi kuzitibu.

Nayo daladala, wenye magari na wakubwa wa barabara wakikaa pamoja wanaweza kuamua kwamba kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu asubuhi kila gari lichukue idadi fulani ya wanafunzi, na askari wa kituoni ahesabu. Sisi abiria, kwa upande wetu, tunaweza kuanza kesho kwa kugomea kupanda kabla yao.

Nimepokea barua, juma lililopita, ya msikilizaji anayesema haya yote ni ya walio bado shuleni, akauliza vipi waliokwisha kutoka miaka mitatu au minne. Kwao nao ipo njia, ila haitangazwi inavyostahili. Kwa watoto wa umri wa miaka 11 hadi 18 waliokosa shule ya msingi au waliikatisha, upo mpango wa MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999. Walio kati ya miaka 11 na 13 hutayarishwa ili warudi katika mfumo wa kawaida. Waliokatisha sekondari wanaweza kujiunga na masomo yanayosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na wasichana waliojifungua wanaweza kuuliza katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko wilaya nyingi na baadhi yake vina mahali pa kuwaweka watoto mama zao wanapokuwa darasani. Mwenye binti, mdogo wake, au msichana wa kazi wa umri huo amwone Afisa Elimu Kata. Aende na jina la shule ya mwisho aliyosoma mtoto na darasa aliloishia. Cheti cha kuzaliwa kikipatikana kitasaidia. Kisipopatikana, asisubiri nacho.